Uzi: Mchungaji alipotetea kinga na daktari akaipinga. Tuongee kuhusu kutowaamini wataalamu wakati wa maradhi

Mwandika_Rejista (mleta mada):

Wakuu, heshima kwenu.

Maradhi makubwa yakiingia mahali, ugomvi huwa uleule. Upande huu watu wa dini, upande ule watu wa maabara, na katikati mwanasiasa anasikilizia upepo unavumia wapi. Yakiisha tunahadithiana kisa kilekile: waumini walikuwa wajinga, wenye shahada walikuwa na akili. Mimi nimeandika rejista za chanjo kwa miaka, nikibisha hodi mlango kwa mlango, na nawaambia kisa hicho kina matundu. Naanza na la zamani.

Boston, 1721. Marekani bado ni makoloni ya Waingereza. Meli imeingia na ndui, mji unazika. Kuna mchungaji anaitwa Cotton Mather, mtu wa Biblia kuanzia utosini hadi unyayoni, ambaye jina lake lilishaingia doa kwa kutetea kesi za wachawi kule Salem mwaka 1692. Nyumbani kwake palikuwa na mtumwa kutoka Afrika Magharibi aliyebandikwa jina la Onesimus. Miaka kadhaa kabla ya hapo Mather alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Akajibu: ndiyo, na hapana. Akamwonyesha kovu mkononi. Kwao, alisema, huchukuliwa usaha kidogo wa mgonjwa, ngozi ya mtu mzima wa afya ikachanjwa, usaha ukatiwa pale. Utaumwa kidogo, kisha ndui haikugusi tena maisha yako yote.

Ndui ilipotua mjini, Mather akawaandikia madaktari kuwaeleza njia hiyo. Aliyethubutu ni mmoja tu, Zabdiel Boylston, akaanza na mwanawe mwenyewe wa miaka 6, pamoja na mtumwa wake na mtoto wa mtumwa huyo. Na nani aliongoza upinzani? William Douglass, daktari pekee wa mji ule aliyekuwa na shahada ya udaktari! Alisema jambo halijajaribiwa, ni la hatari, na tena ushahidi wenyewe ni maneno ya Waafrika, ambao yeye aliwaona waongo.

Novemba mwaka huohuo mtu akarusha bomu la mkono dirishani kwa Mather, usiku. Utambi uling'oka lilipogonga dirisha, halikulipuka. Lilifungwa karatasi yenye maneno haya: Cotton Mather, mbwa wewe, laana ikushukie, nitakuchanja kwa hili.

Hesabu ilipopigwa, walioambukizwa ndui ya kawaida walikaribia 6,000, wakafa zaidi ya 800. Waliochanjwa na Boylston walikuwa 240 na ushei, wakafa 6. Hapo tuseme ukweli, Douglass naye hakuwa mpumbavu. Mtu aliyechanjwa kwa njia ile alikuwa na ndui halisi mwilini, na akizurura anaiambukiza. Hilo hoja yake ilikuwa na mashiko.

Ila angalieni mji ulivyogawanyika. Hakuna aliyekuwa na darubini ya kuona kirusi cha ndui. Watu walikuwa wanabishania nani kasema: mchungaji wa kesi za wachawi, mtumwa, au daktari mwenye cheti. Na mpaka leo naona ndivyo. Mtu wa kawaida haamini sayansi wala hakatai sayansi. Anamwamini au anamkataa aliyeileta.

Naendelea chini, msikae mbali.

Kaka_Mteule:

Nimeweka kambi hapa.

Mlinzi_wa_Zamu:

Mleta mada usitulishe matango pori. Kisa kimoja cha miaka 300 iliyopita hakifuti ukweli kwamba viongozi wa dini wamezuia chanjo na watoto wakapooza. Kano ulisikia? Au utairuka?

Mwandika_Rejista:

Mkuu Mlinzi_wa_Zamu, umenipokonya tonge mdomoni. Kano ndiyo nilikuwa naiendea.

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio. Kano ndiyo iliyoshikilia muda mrefu zaidi, karibu miezi 11, mpaka katikati ya 2004. Masheikh na wanasiasa walisema chanjo imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana wasizae. Polio ikalipuka. Kirusi chenye asili ya Nigeria kikasafiri nchi kwa nchi, kikafika Sudan, kikavuka Bahari ya Shamu, na mwaka 2005 kikawapooza watoto wa Indonesia, nchi iliyokuwa imekaa miaka 10 bila polio.

Hapo watu hufunga faili: dini imeua. Sasa fungua faili la 1996.

Mwaka huo Kano ilikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ikaja na dawa yake mpya, Trovan, ikaijaribu kwa watoto 200 kwenye hospitali ileile ambamo Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakitibu kwa dawa iliyozoeleka. Watoto 100 wakapewa Trovan, 100 wakapewa dawa nyingine. Wakafa 11, wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilisema kilichowaua ni ugonjwa wala si dawa, na kweli vifo vilikuwa pande zote mbili. Lakini wazazi walisema hawakuambiwa kwamba watoto wao wamo kwenye jaribio. Kesi ikavutana miaka mingi. Mwaka 2009 kampuni ikakubali kuilipa Kano dola milioni 75, bila kukiri kosa.

Kwa hiyo 2003, wageni waliporudi Kano na matone ya bure, kesi ile ilikuwa bado mbichi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu ya ugumba haikuwa na ukweli wowote, chanjo ilipimwa ikaonekana haina tatizo. Ila hofu haikuota hewani, ilikuwa na mbegu, na mbegu yenyewe ilipandwa na watu wa makoti meupe.

Na mnajua kilichofungua mlango? Kano ilikubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Chanjo ni ileile. Kilichobadilika ni mkono ulioileta. Baadaye masultani na maamiri wakawa wanachanja watoto hadharani, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena polio ya asili. Nigeria ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Bi_Ukindu:

Ahsante kwa kutofautisha, maana sisi wenye dini tumechoka kuitwa wajinga kwa jumla. Naongeza moja ambalo wengi wa upande wetu wenyewe hulisahau.

Sayyidna Umar, khalifa wa pili baada ya Mtume, alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa huko mbele kuna tauni. Hakupiga moyo konde akasema twendeni, Mungu yupo. Aliita shura, yaani baraza la ushauri. Akasikiliza Muhajirina, waliohama Makka na Mtume, wakatofautiana. Akasikiliza Ansari, wenyeji wa Madina, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana: rudi. Akatangaza anarudi. Abu Ubaida, sahaba mkubwa, akamwambia: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano: ukiwa na ngamia wako bondeni, upande mmoja una majani na upande mwingine ni kame, ukimlisha kwenye majani si kwa kadari ya Mungu? Na ukimlisha kwenye ukame si kwa kadari ya Mungu?

Ndipo akatokea Abdurrahman bin Auf, akasema alimsikia Mtume akisema: mkisikia tauni iko nchi fulani msiingie, na ikiwakuta mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia.

Sasa anayeniambia kufunga msikiti wiki mbili ni kukosa imani, namuuliza: wewe na Umar nani mwenye imani?

Mwana_wa_Madhabahu:

Bi Ukindu shikamoo. Hilo liko hata upande wetu. Shetani alipompandisha Yesu kinarani mwa hekalu alimwambia jitupe, na akamnukulia andiko kabisa kwamba malaika watamdaka. Jibu likawa: usimjaribu Bwana Mungu wako. Kwa hiyo kunukuu andiko peke yake si hoja, hata Shetani alinukuu.

Ila nami niseme lenye uchungu. Kanisa likifungwa na baa ikaachwa wazi, usitegemee muumini akuelewe. Marekani mwaka 2020 kesi za aina hii zilifika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na Novemba mwaka huo mahakama ikazuia masharti ya New York dhidi ya nyumba za ibada, kwa hoja kwamba zimebanwa kuliko biashara. Waumini wengi hawakuwa wanabisha kirusi, walikuwa wanabisha kipimo kutokuwa sawa.

Mlinzi_wa_Zamu:

Haya, dini nimekubali nusu. Siasa je? Au nako kuna faili la zamani la kuwasafisha?

Mwandika_Rejista:

Kwenye siasa sina sabuni, mkuu.

Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Rais Thabo Mbeki hakuwa mtu wa kijiweni, alisoma uchumi Uingereza. Alikesha kwenye mtandao akisoma wanasayansi wachache waliokana kwamba VVU ndivyo vinavyoleta UKIMWI. Akawaita kwenye jopo lake. Waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, akawa anasifia kitunguu saumu, limau na bitiruti huku ARV zikicheleweshwa. Mwaka 2000, kabla ya mkutano wa UKIMWI wa Durban, zaidi ya wanasayansi 5,000 walitia saini tamko kwamba VVU ndiyo sababu. Haikumgeuza. Mpaka Mahakama ya Katiba, mwaka 2002, ikaiamuru serikali iwape wajawazito nevirapini ili watoto wasiambukizwe. Watafiti wa Harvard baadaye walikadiria kuwa ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000 kati ya 2000 na 2005.

Mbeki naye alikuwa na jeraha. Alisikia wazungu wakiongelea UKIMWI kwa lugha ya kuwafanya Waafrika wanyama wasiojizuia, na hilo lilimchoma, na lilikuwa kweli linasemwa. Ila hapa ndipo ninapomtenga na mama wa kawaida wa Kano aliyeogopa matone. Mama wa Kano hakuwa na maabara, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mbeki alikuwa na wanasayansi wa nchi yake, wazuri, Waafrika kwa Wazungu, wanaomlilia mlangoni. Shaka ya mnyonge na shaka ya mwenye dola si kitu kimoja. Mwenye dola ana uwezo wa kwenda kuhakikisha. Asipokwenda, shaka yake ni uamuzi.

Fundi_Sampuli:

Niingie, maana hii ni kazi yangu. Mmezunguka dunia nzima, lakini kuna kisa cha papai mnakikwepa.

Mei 2020 Rais Magufuli wa Tanzania alisema sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, bila maabara kujua, na baadhi zikarudi zina korona. Dunia ilicheka. Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini.

Kile kipimo kinafanya kazi hivi. Unachukua ute, unatoa humo chembe za urithi za kirusi kama zipo, unaziweka kwenye mashine inayozidurufu. Kila mzunguko unazidisha mara mbili, na mizunguko inafika 40. Piga hesabu mwenyewe 2 kujizidisha mara 40, utapata zaidi ya trilioni. Maana yake tone dogo lisiloonekana, likiruka kutoka sampuli ya mgonjwa wa jana hadi kwenye kishimo cha sampuli ya leo, mashine italikuza mpaka lionekane mlima. Ndiyo maana kila sahani tunayoingiza lazima iwe na kishimo cha maji safi matupu. Tunaita kontroli hasi. Yale maji yakiwaka, yaani yakionyesha kirusi, hatujadili: sahani nzima inatupwa, meza inasuguliwa, tunaanza upya. Nimewahi kutupa sahani saa nane usiku, majibu ya watu karibu 90, huku ndugu zao wanapiga simu. Machozi yalinitoka.

Kwa hiyo kupeleka papai kisiri si ujinga. Ni kontroli hasi. Ni sayansi safi!

Kilichoharibu ni kilichofuata. Kontroli ikifeli unasema: nimepeleka ngapi, zimewaka ngapi, kwa mashine ipi, siku gani, halafu unaita mwingine arudie. Papai moja likiwaka linaweza kukuonyesha meza chafu, haliwezi kukuonyesha kwamba ugonjwa haupo. Takwimu za nchi zikakomea kwa wagonjwa 509, na hazikuendelea tena utawala wake wote. Juni ikatangazwa kwamba maombi yameshaiondoa korona. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Swali lilikuwa zuri. Jibu ndilo lilifungiwa kabatini.

Kaka_Mteule:

Sijawahi kusikia papai likitetewa kitaalamu namna hii 😂 Fundi umetisha. Hapo kwenye maji kuwaka naomba nikopi niwarushie watu wangu.

Mkono_Mtupu:

Ninyi mnazunguka mbuyu. Mnaongea kana kwamba wataalamu wao wameonewa tu. Machi 2020 WHO iliandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba korona HAIENEI kwa hewa. Baadaye? Inaenea kwa hewa. Barakoa: msivae, mara vaeni. Daktari Wakefield wa Uingereza aliandika 1998 kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji, jarida kubwa kabisa likachapisha, likaja kuifuta 2010. Miaka 12! Halafu mnataka tuamini. Nitaamini lipi, la asubuhi au la jioni?

Mwandika_Rejista:

Mkono_Mtupu, kwenye barakoa na hewa nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Kosa halikuwa kubadili maneno. Kirusi kilikuwa na miezi mitatu tangu kijulikane, lazima utabadilika. Kosa ni kusema jambo la kukisia kwa sauti ya kiapo. Wangesema "kwa leo ndivyo tunavyoona, tukijua zaidi tutawaambia", mabadiliko yaliyofuata yangekuwa ahadi iliyotimizwa. Wao walisema kwa herufi kubwa, kwa hiyo mabadiliko yakaonekana uongo ulioshikwa. Nadhani waliogopa watu watababaika. Watu hawababaiki kwa kuambiwa hatujui, wanababaika wakigundua walifichwa.

Kwa Wakefield, angalia vizuri nani alimuumbua. Alikuwa na watoto 12 tu kwenye utafiti wake. Mwandishi wa habari alifukua fedha alizolipwa na mawakili, watafiti wengine wakapima mamia ya maelfu ya watoto wasione uhusiano wowote, baraza la madaktari likamfuta kwenye orodha. Ilichukua muda wa aibu, sikatai, na hata leo wapo wanaokimbia chanjo ya surua kwa ajili yake. Lakini ukiuliza tulijuaje kwamba ule ni uongo, jibu ni kwamba wengine walirudia kupima.

Na kama unataka faili baya kuliko hilo, nakupa mwenyewe: Tuskegee, Alabama. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, ikiwaambia inatibu "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, miaka ya 1940, hawakupewa. Waliachwa ili ionekane ugonjwa unawafanya nini. Mpaka 1972, habari ilipovuja magazetini. Rais Clinton aliomba radhi 1997, miaka 65 tangu kuanza. Mmarekani mweusi aliyesita kuchanjwa 2021 hakuhitaji video ya uzushi ya mtu yeyote.

La tatu nitalitaja haraka maana linanitia hasira. 2011, Abbottabad, Pakistan. CIA walimtumia daktari aendeshe kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini ili kunusa kama Osama yumo ndani ya ile nyumba. Miezi michache baadaye siri ikatoka. Taliban wakapiga marufuku chanjo ya polio Waziristan Kaskazini, wachanjaji, wengi wao wanawake wa mitaa hiyohiyo, wakawa wanapigwa risasi, na 2014 Pakistan ikawa na watoto 306 wenye polio. Mwaka huohuo Ikulu ya Marekani ikaahidi CIA haitatumia tena chanjo kama kivuli. Ahadi nzuri. Walioibebea gharama ni mabinti waliokuwa wanatembea na kikasha cha barafu begani.

Mlinzi_wa_Zamu:

Sawa, mmenijaza mifano ya jeraha. Lakini mlipuko haungoji mtu apone majeraha ya babu yake. Watu wanakufa leo. Mimi nasema lazimisha, lawama utapokea baadaye.

Mwana_wa_Madhabahu:

Mkuu, walishajaribu. Rio de Janeiro, 1904. Ndui inaua, daktari Oswaldo Cruz, mwanasayansi hasa, anapata sheria ya chanjo ya lazima. Wakati huohuo serikali ilikuwa inabomoa nyumba za maskini katikati ya mji ili kupanua barabara. Kwa hiyo waliokuja kubomoa na waliokuja kuchanja, kwa macho ya maskini, ni serikali ileile. Uvumi ukaenea kwamba wanaume wageni wataingia nyumbani kuwavua nguo wake za watu. Novemba mji ukawaka: magari ya reli yakapinduliwa, vizuizi barabarani, watu wapatao 30 wakafa. Serikali ikairudisha nyuma sheria.

Mwaka 1908 ndui ikarudi Rio, ikaua maelfu. Safari hii watu wakapanga foleni wenyewe.

Mlinzi_wa_Zamu:

Kwa hiyo tungoje maelfu wafe ndipo watu wapange foleni? Huo nao si mpango.

Mwandika_Rejista:

Hapana, si mpango, na swali lako silidharau. Nitajibu kwa Ebola, maana pale muda haukuwepo kabisa.

Guinea, Sierra Leone na Liberia, 2014. Maiti wa Ebola ana virusi kuliko alivyokuwa hai, na kumuosha maiti ni wajibu wa dini na wa ukoo. Timu za kwanza zilifika na magari, watu wamevaa mavazi meupe huwaoni uso, wanapuliza klorini, wanamtumbukiza baba wa mtu kwenye mfuko wa plastiki, wanaondoka naye. Hakuna sala, hakuna jina, pengine hata kaburi haliko wazi ni lipi. Kitaalamu hakuna kosa hata moja. Matokeo yake watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Kule Womey, Guinea, Septemba 2014, ujumbe uliokwenda kuelimisha ulishambuliwa, watu 8 wakauawa.

Baadaye mwaka huo WHO ikakaa na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo wakaandika upya utaratibu wa mazishi. Sikilizeni mabadiliko yenyewe yalivyo madogo. Timu inafika bila mavazi ya kutisha, inasalimia, inatoa pole kwanza. Familia inaulizwa inataka nini. Kwa Mwislamu ruhusa ya kutayamamu, yaani kutwaharishwa kwa udongo bila maji, badala ya kuoshwa, kwa mkono wa aliyevaa kinga, na mfuko mweupe mfano wa sanda. Sheikh au mchungaji anasimama umbali wa usalama anasoma dua. Ndugu wanaona kaburi, wanatupa udongo. Klorini ni ileile, mfuko ni uleule usiopenyeza. Mpaka wimbi linakwisha walikuwa wameshakufa zaidi ya 11,000, lakini huwezi kulielezea kwisha kwake bila mazishi yale.

Hakuna aliyembembeleza mtu aache dini yake. Sheikh hakuwa kikwazo cha kuzungukwa, alikuwa mtu wa kuulizwa mapema. Hilo lilihitaji wiki, halikuhitaji kizazi.

Bi_Ukindu:

Tayamamu badala ya josho ni hukumu iliyokuwepo vitabuni kitambo, kwa maiti asiyeweza kuoshwa. Walikuwa wanahitaji tu kuuliza.

Mkono_Mtupu:

Nimesoma. Sijabadilika kwenye yote ila la maji kuwaka limenikaa. Swali moja kwa mleta mada. Wewe umesema umebisha hodi kwa watu. Waliokukatalia walikuwa wanasema nini hasa? Siyo wa Kano, wa kwako.

Mwandika_Rejista:

Mkuu, wachache sana walitaja dini, na wa siasa wachache zaidi. Nitakupa mmoja ambaye hajanitoka.

Alikuwa mama, mtoto mgongoni ana kikohozi kile cha kukwaruza. Nimesimama mlangoni na daftari na mwenzangu ana kikasha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akasema: "Jumatatu nilimpeleka huyu kwa ajili ya kifua. Nikaambiwa dawa hakuna, kanunue. Sikuwa na hela, nikarudi naye. Leo Alhamisi mmenifuata hadi mlangoni na dawa ya bure ya ugonjwa ambao hana. Hebu niambie wewe, ungekuwa mimi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye rejista palikuwa na safu ya sababu ya kukataa, na vifupisho vyake: dini, uvumi, hayupo, mgonjwa. Lake halikuwepo. Nikaandika "uvumi". Bado naona aibu kwa neno lile.

Mkono_Mtupu:

Na mtoto alichanjwa?

Mwandika_Rejista:

Si kwa mkono wangu. Nilirudi wiki ya tatu, nikakuta kucha ya kidole cha mwisho imeshawekwa wino, alama ya mtoto aliyechanjwa. Aliyemchanja ni mkunga mstaafu aliyekuwa akijitolea na timu nyingine. Nilimuuliza alimwambia nini yule mama. Akasema hakumwambia kitu. Alimwangalia mtoto, akauliza, "Huyu ndiye yule aliyetanguliza miguu?" Mama akacheka, akamfungua mgongoni.